Mkono wa Kona

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nikajibu nauza karatasi, macho yao hushuka moja kwa moja kwenye mikono yangu, wanatafuta karatasi yenyewe. "Duka lako liko wapi?" Sina duka. "Ghala?" Sina. "Basi hata lori?" Sina lori, sina mkokoteni, sina hata kipande cha kufungia karanga. Mimi ni dalali. Kazi yangu ni kujua nani ana karatasi asiyoitaka na nani anaitaka na haipati, nikasimama katikati yao mpaka wakubaliane, kisha nikakatiwa changu. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniambia hiyo si kazi, ni umbea wenye risiti. Nilicheka, lakini ananikera mpaka leo.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Kuna meza mbili zinazotazamana, kabati la sampuli, birika la umeme, na dirisha lisilofunguka kwa sababu fundi aliyelipaka rangi alilipaka likiwa limefungwa. Meza moja ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipofariki nilirithi meza, nusu ya biashara, na mdogo wake. Wala msianze kufikiria mambo yenu, hebu! Namaanisha nilirithi kugombana naye kila asubuhi, maana nusu nyingine ya biashara ilikuwa yake.

Huyo shemeji yangu, wote wanaoshughulika na karatasi hapa mjini walimwita Kona. Jina lilitokana na kazi. Karatasi kubwa za kuchapia hukaa ghalani zikiwa zimefungwa marobota kwa karatasi nene ya kaki, na dalali akija kuziangalia haruhusiwi kufungua robota. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, tuliikuta. Mwenye mali huchana kona moja ya kaki, tundu dogo la kupitisha kidole gumba na cha shahada, basi. Unaingiza vidole, unapapasa kingo za karatasi, unatoa mkono. Halafu unasema "Naichukua," au unasema "Siku nyingine." Ukishasema naichukua, ni yako, hata igeuke majivu kesho. Na ukiomba robota lifunguliwe lote, umemwita mwenzio mwizi mbele ya vibarua wake, na simu yake hutaiona tena.

Mnunuzi wetu naye hakuwa akifungua. Alisubiri simu yetu. Akisikia Kona ameshaigusa, gari lilitoka ghalani likaenda moja kwa moja hadi kwenye mashine.

Na mkono ule ulikuwa mkono kweli, tusimnyime haki yake. Aliweza kukutajia uzito wa karatasi kwa kuibinya tu. Alijua kama kisu kilichoikata kilikuwa butu. Kuna siku aliingiza vidole kwenye tundu, akamwuliza mweka ghala, "Hili bati lenu linalovuja mmeshaliziba, au mmehamisha mzigo tu?" Mweka ghala alibaki kinywa wazi. Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ila maringo yake, Mungu wangu! Mikono ile ilipakwa mafuta asubuhi na jioni. Haikuosha sahani, haikubeba kikapu, haikusalimiana na mtu siku ya kwenda ghalani. Mkewe alimwacha, na alipoulizwa sababu alisema hawezi kuishi na mwanamume ambaye mikono yake ni mgeni rasmi. Hata siku ya kumzika kaka yake, Kona alishika jembe kwa leso. Nilimwona. Nilikuwa nalia na bado nikapata nafasi ya kumchukia.

Basi siku moja tulikuwa ofisini tunapanga sampuli. Mimi nakata, yeye anabana kwa stepla, huku ananihadithia habari za mchapaji mmoja bahili aliyemkaribisha chai akamletea maji ya moto. Nikasikia stepla imelia kwa namna ya ajabu. Kutazama, pini imezama kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, yote, damu inatiririka juu ya sampuli. Na yeye anaendelea kusimulia. "Nikamwambia bwana, hata majani ya chai umeyaweka benki?" Anacheka, damu inashuka.

Nilipiga ukelele hadi fundi wa matairi akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Kona akaficha mkono chini ya meza, akamwambia nimeona panya. Fundi alipoondoka nilimvuta ule mkono, nikaing'oa pini kwa ncha ya mkasi. Hakukunja hata uso.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, Kona."

Akatazama lile dirisha lisilofunguka. "Muda," akasema. "Ilianza miguuni."

Ilikuwa kisukari. Alikuwa nacho miaka, anameza dawa siku akikumbuka na kuziacha siku akijisikia mzima. Nilimkokota hospitali mimi mwenyewe. Daktari alimfumbisha macho, akamgusa vidole kwa kijiti, akawa anamwuliza, "Hapa? Na hapa?" Kona alijibu "Ndiyo" kila mara, hata pale daktari alipokuwa hajamgusa kabisa. Tuliambiwa mishipa ya fahamu imekufa, kilichobaki ni kuilinda ile iliyopona. Mficha maradhi kilio humfichua, waliosema walisema.

Tulirudi ofisini. Nikachemsha maji, nikamwekea chai mbele yake, nikamwambia tuambiane ukweli. Ukweli ulikuwa huu: mkono wake ukijulikana umekufa, biashara imekufa. Hatukuwa na mtaji. Hatukuwa na mali. Mimi nina mabinti wawili shuleni na kodi ya nyumba, na yeye alikuwa na ule mkono tu duniani.

"Tuwaambie," nikasema. "Tuwe tunafungua marobota kama watu wenye akili."

"Nikifungua robota leo, kesho nani ataniita?"

"Basi nani ataingiza vidole?"

Akaninyanyulia macho, na nikajua kabla hajasema. Nikamwambia thubutu! Mimi kazi yangu ni simu na wateja, domo ninalo, lakini vidole vyangu vimelelewa na sabuni ya unga. Akasema vidole ni vidole, vinafundishika.

Akanifundisha. Jioni baada ya kufunga simu, nilikaa mezani nimefumba macho, naye ananisogezea mafungu ya karatasi. Kavu, yenye unyevu, iliyolowa ikakauka. "Ile iliyolowa ikakauka," alikuwa akisema, "ukingo wake una wimbi dogo sana, halafu unalainika ukiubonyeza. Haina ubishi. Karatasi nzima inakubishia." Nilipapasa mpaka ncha za vidole zikawaka moto. Mwanzoni sikuhisi kitu zaidi ya karatasi. Baadaye nikaanza kuhisi.

Siku moja nikamwambia, "Hii ya tatu ndiyo iliyolowa." Nikafumbua macho, nikamkuta ameishika ile karatasi kwa vidole vyake, anaubonyeza ukingo, anaubonyeza tena, jasho limemtoka usoni. Kumbe mafungu yalikuwa yamechanganyika, na hakuwa na namna ya kujua kama nimepatia.

"Sawa," akasema hatimaye. "Nadhani ni sawa."

Nilijifanya natafuta mkoba wangu. Nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu miaka yote, na sasa hasira ilikuwa imeniishia siku niliyoihitaji.

Tukaanza kwenda ghalani wote wawili. Kona aliwaambia watu nimeamua kujifunza kazi ya marehemu, nao wakaona ni jambo jema. Kona ya kaki ikichanwa, mimi hutangulia kuingiza vidole, mwanafunzi, halafu anaingiza yeye, mwalimu. Kama mzigo ni mzima nilimwuliza mweka ghala bei. Kama ni mbovu nililalamika, "Shemeji, mimi bado sijanywa chai." Hiyo ilikuwa alama yetu, na ilinipa sifa mbaya. Vibarua walifikia kuniita Mama Chai. Mweka ghala alimwambia Kona amenirithi pamoja na njaa yangu. Nilivumilia. Miezi ikapita, watoto wakaendelea kusoma, na hakuna robota hata moja lililorudishwa.

Nilidhani tumeweza. Lo, binadamu!

Msimu wa kufungua shule ulipokaribia, Mama Daftari akatupigia. Huyu ni mteja wetu mkubwa, mwanamke mwenye kiwanda chake cha kutengeneza madaftari, sauti yake hupita ukuta. Alikuwa amepata oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na alitaka karatasi haraka. Tukaulizia huku na huku. Mweka ghala yule yule tuliyemzoea akasema anao mzigo, tena wa bei nzuri, tuje asubuhi.

Njiani Kona alikuwa na uchangamfu ambao sikuuelewa. Anakunja na kukunjua vidole, anacheka peke yake. Daktari alikuwa amembadilishia dawa wiki zile, na kwa mara ya kwanza alikuwa akizimeza zote.

"Vinawasha," akaniambia. "Usiku kucha vinachomachoma. Vinaamka, shemeji."

"Umemwuliza daktari?"

"Daktari anajua nini kuhusu karatasi?"

Tulipofika, mweka ghala akachana kona. Nikaingiza vidole. Ukingo ulikuwa na lile wimbi dogo, na nilipoubonyeza haukunibishia hata kidogo. Pua haisaidii pale, maana ghala zima linanuka gundi na mafuta ya mashine, lakini sikuhitaji pua. Nikatoa mkono, nikasema kwa sauti kama kawaida, "Shemeji, mimi bado sijanywa chai."

Vibarua wakacheka. Kona hakucheka. Akaingiza vidole vyake tunduni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Nikaona uso wake unafunguka. Sijui niuelezeje ule uso. Ni uso aliokuwa nao zamani, kabla hatujamzika kaka yake.

"Shemeji," nikarudia, "chai."

"Naichukua," Kona akasema.

Neno limeshatoka, na watu wote wamelisikia. Mshirika anaweza kulikataa neno la mshirika mwenzake, hilo linaruhusiwa, lakini lazima aseme sababu, hapo hapo, mbele ya wote. Na sababu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mkono wake umekufa. Ningefungua kinywa, ningemvua nguo.

Tulipotoka nje ya lango nilimvaa. "Una wazimu? Hukunisikia?"

"Nimehisi," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Wallahi nimehisi, shemeji. Kavu kabisa. Imenibishia. Wewe bado mwanafunzi, umekosea, si ajabu, hata mimi nilikosea mwanzoni."

Na mimi, Mungu ananiona, nikataka iwe kweli. Nikajitazama vidole vyangu. Nani alinithibitishia kwamba najua? Yeye. Na yeye alikuwa hajui. Tukampigia Mama Daftari, gari likaenda.

Hazikupita siku nyingi akaja mwenyewe. Tulimsikia tangu kwenye ngazi. Aliingia amekumbatia karatasi zilizokunjamana, akazimwaga juu ya meza yangu, nyingine zikaanguka chini. Zilikuwa zinanuka kuvu.

"Mashine imezitafuna!" akasema. "Zinaingia mbilimbili, zinajikunja, zinakwama. Katikati ya robota kumelowa kama godoro la mtoto. Vijana wangu wamekesha wanachomoa vipande kwa koleo. Na shule zinafunguliwa, na oda wamempa mtu mwingine. Mmenimaliza, nyie! Miaka yote hii sijawahi kufungua robota lenu. Sijawahi!"

Kona alikuwa amekaa, mikono chini ya meza.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," Mama Daftari akasema. "Nani aliigusa hii?"

Kelele za nyundo zilipanda kutoka kwa fundi wa matairi. Halafu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu niliyemng'oa pini kidoleni na kumpeleka hospitali kwa nauli yangu, akasema bila kunitazama:

"Shemeji ndiye aliyegusa siku ile. Nilimwachia ajifunze."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Maneno yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yamepangika vizuri, na ningeyasema kwa sauti ambayo fundi wa matairi angeisikia. Nilimgeukia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kofi. Sikumwonea huruma, nasema wazi, wala asijitokeze mtu akanisifu. Nilipiga hesabu. Nikisema ukweli, hakuna dalali tena, na tumekuwa tukimdanganya mama huyu miezi yote. Nikikubali, mkono wa Kona ni mzima na mjinga ni mimi. Mjinga mmoja hafungi biashara.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Ni mimi. Nisamehe."

Mama Daftari akavuta pumzi ndefu, akaketi. Kama vile alikuwa amefarijika. "Nilijua," akasema. "Nilisema hii si kazi ya Kona. Kona hawezi." Akanitazama, si kwa ubaya, kwa namna mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja sahani. "Dada, wewe baki na simu. Kila mtu na kipaji chake. Sasa sikilizeni. Nimebakiwa na oda moja ndogo, ndiyo itakayoniokoa au nifunge. Nitawapeni, kwa sababu ya miaka yetu. Lakini huyu asiiguse. Asiingie hata ghalani. Nitampigia mweka ghala nimwambie. Aguse Kona peke yake."

"Sawa," Kona akasema. Sauti yake haikusikika vizuri.

Alipoondoka tulizikusanya zile karatasi kutoka sakafuni, mimi upande huu, yeye upande ule. Zilikuwa laini, zinakatika mkononi. Nikamwona amezishika kwa vidole viwili, anazipapasa.

"Ahsante," akasema.

"Usinishukuru. Nina hamu ya kukuzaba kibao."

"Nizabe. Uso bado unahisi."

Sikumzaba. Nilimwambia twende kwa mama yule, tumwambie yote, tumwombe robota lifunguliwe mara moja hii tu. Akakataa. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Akaniuliza ni nani ataniamini sasa, mimi ambaye nimekiri kwa kinywa changu kwamba sijui karatasi. Akaniuliza kwa upole, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nilijaribu hata hivyo. Nilimpigia Mama Daftari, nikaanza, "Mama, kuhusu mkono wa Kona," akanikatiza. Akasema kumsingizia mwenzio baada ya kosa lako si uungwana, na hakutegemea hivyo kwangu. Akakata simu.

Siku ya mzigo tulikwenda wote, lakini mlinzi alininyooshea mkono langoni. Alikuwa na aibu. "Mama Chai, nimeambiwa," akasema, akanipa kibao chake nikalie. Madereva walikuwa wamejipumzisha kwenye kivuli cha ukuta. Kona akaingia peke yake. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mikono amejipaka mafuta, vinang'aa vidole vyote kumi.

Lango lilikuwa la bati, sikuona ndani. Nilisikia salamu, vicheko, mweka ghala akiuliza leo mwanafunzi kafukuzwa shule. Nikasikia kaki inachanwa. Niliinuka kutoka kwenye kile kibao, nikakaa tena. Niliomba ile dawa iwe imefanya kazi. Niliomba mzigo uwe mzima wenyewe, kwa bahati, bila mtu kuujua. Niliomba hata aseme siku nyingine, tufe njaa kwa heshima.

"Naichukua!" Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kujiamini, na vibarua wakamshangilia.

Alitoka anajifuta vidole kwa leso. Alinipita, akaenda kusimama mbali kidogo na madereva, karibu na mtaro, mahali ambapo hakuna mtu wa kutusikia. Nikamfuata.

"Haya," nikasema. "Ikoje?"

Alikunja leso, akaitia mfukoni, ikaanguka, akaitia tena. Nilimsubiri anidanganye. Nilikuwa tayari kudanganywa.

"Sijui, shemeji," akasema.

Nyuma yetu mlinzi alikuwa anafungua lango, na lori la Mama Daftari lilikuwa linaingia kinyumenyume kupakia.